Kiboksi Chini ya Kiti cha Abiria

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa nimelala chini ya gari na uso umejaa grisi. Ilikuwa asubuhi, jua la Musoma limeshaanza kuuma, nami nimekaa juu ya tairi bovu mbele ya gereji yangu ya Kamunyonge nakunywa chai ya rangi. Nikaona pikapu nyeupe inakuja. Injini inalia sana, mwendo hakuna, inajivuta kama ng'ombe aliyechomwa na mwiba kwatoni. Kabla haijafika nilishajua kwamba gia hazibadiliki. Nilijua kwa sikio. Na sikio hilo nililojivunia ndilo lililoniponza, kwa sababu lilikuwa linasikia vyuma tu.

Dereva alikuwa mdogo wangu, Wambura.

Ngoja nikueleze kwanza mimi ni nani, usije ukadhani unaongea na mtu aliyesoma. Niliishia darasa la nne. Sioni haya kusema, maana gereji hii niliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na hakuna aliyenishika mkono. Nilianza kwa kuosha spana za watu pale Bunda, nikawa nalala kwenye maboksi, nikajifunza kufungua gia boksi kwa kutazama tu, kwa sababu aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno. Nilipokaribia miaka arobaini, watu walikuwa wanavuka magereji ya wengine kuja kwangu. Fundi Maingu akisema gari limekufa, limekufa. Akisema litapona, wanakwenda kununua mafuta.

Utasema mtu wa karibu arobaini si kijana. Mimi nakwambia ujana hauhesabiwi kwa miaka. Ujana uko mdomoni, na mdomo wangu siku zile ulikuwa bado mbichi.

Kwetu ni Butiama. Baba alitangulia, Mama akafuata, tukabaki wawili, mimi na Wambura, yeye akiwa bado hajaota ndevu. Mama kabla ya kufumba macho aliniambia hivi: mlishe mdogo wako mpaka akue, na akishakua umsikilize. Nilimlisha, Mungu shahidi. Nilimpeleka shule, nikamfundisha kuendesha gari, nikamtafutia kazi kwa Mama Vero, yule mama mfanyabiashara wa dagaa anayechukua mzigo mwaloni Musoma, pale mitumbwi inaposhusha, na kuupeleka Bunda na gulio la Mugeta. Nusu ya kwanza ya usia niliishika vizuri. Ile nusu ya pili nilidhani Mama alisema kwa sababu ya homa.

Pikapu ya Mama Vero ilikuwa ya oto, ile ambayo dereva hakanyagi klachi wala habadilishi gia kwa mkono, inajipangia yenyewe. Siku zile pikapu za namna hiyo hazikuwa nyingi huku kwetu. Wambura akashuka, akanisalimia kwa adabu, kisha akaanza kueleza. Akasema gari lilianza kugoma juzi. Akasema asubuhi linakataa kabisa, linang'ang'ania gia moja, taa kwenye dashibodi inawaka na kuzima. Lakini likikaa juani mchana, milango wazi, linarudi kuwa zima, halafu kesho yake linagoma tena. Kisha akasema neno ambalo leo ningelilipia ng'ombe nilirudishe nilisikie upya.

"Kaka, kuna kitu. Jumamosi niliiosha ziwani, nikamwaga maji na ndani kwa sababu ya harufu ya dagaa. Yalituama mpaka chini ya kiti cha..."

"Wambura," nikamkata. "Hapa fundi ni nani?"

Watu waliokuwa pale wakacheka. Mmoja akasema dereva wa dagaa anataka kumfundisha mvuvi kuogelea. Wambura naye akatabasamu kidogo, akanipa ufunguo.

Nisimame hapo kidogo. Wewe usiyekulia huku labda hujui, lakini madereva wa dagaa walikuwaga hawana kisima kingine cha kuoshea gari. Unaliingiza ziwani mpaka maji yafike nusu ya tairi, unachota kwa ndoo, unarusha juu, unarusha chini, unarusha mpaka kwenye viti, maana maji ya dagaa yakikauka ndani ya gari hata wewe mwenyewe utajikimbia. Kila mtu alifanya hivyo na magari yetu ya zamani hayakujali. Chini ya viti vyake hakukuwa na kitu cha kulowa isipokuwa maganda ya karanga. Hatukujua kwamba haya mapya yana akili, na kwamba akili yenyewe inawekwa mahali popote watengenezaji wanapopenda, hata sakafuni.

Basi nikaingia kazini. Nikaiendesha: kweli, ilianza kuondoka na gia ya tatu na ikabaki hapo hapo, kupanda haipandi, kushuka haishuki. Nikamwaga oili ya gia. Oili ilitoka nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Nikatazama sumaku ya kwenye kifuniko, haina vumbi la chuma la kutisha. Mwanangu, gia boksi lenyewe lilikuwa linaniambia, mimi mzima, sina ugonjwa. Ni kama mtu umpime mate, damu, na mkojo, uone vyote safi, kisha useme basi tumpasue tumbo.

Nililipasua. Nililishusha, nikalifungua juu ya meza, vyuma vyote vikapangwa juu ya gunia. Pleti, zile sahani zinazoshikana gia ikibadilika, zilikuwa na uzima bado, lakini nikaagiza mpya. Nikazifunga. Nikalirudisha. Wambura alikuwa anakuja kila siku, anashika taa, ananipa spana kabla sijaitaja, na kila akifungua mdomo kuhusu maji mimi namtuma kitu.

Siku ya kuliwasha Mama Vero alikuja mwenyewe, na watu wake wa mwaloni wawili, na mafundi wa jirani nao wakasogea, maana habari ya oto ya Mama Vero ilikuwa imezunguka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nikawasha, nikaweka gia, nikaondoka mbele ya macho ya watu wote. Taa ikaanza kupepesa. Gari likajivuta na gia ya tatu, vile vile, kama sikuwahi kuligusa.

Nilizunguka na kurudi nikiwa nimelowa jasho. Nilikuwa na neno moja la kweli la kusema. Ningeweza kusema: sijui. Fundi akisema sijui mbele ya watu, mwanangu, hafi. Lakini sikulijua hilo, nilidhani nitakufa. Mama Vero akaniuliza ni nini sasa. Nikatazama huku na huku, na macho yangu yakamwangukia mtu aliyekuwa karibu kuliko wote, ameshika kitambaa ananingojea nifute mikono.

"Gari halina ugonjwa," nikasema. "Ugonjwa ni dereva. Anaikanyaga kama anaua nyoka. Hata nikiifunga mpya mara kumi, mkono wake utaiua."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Vero akamtazama Wambura, naye Wambura akanitazama mimi. Sikuona hasira. Afadhali ningeiona. Aliniangalia kama mtu anayesubiri kaka yake amalizie sentensi. Kisha akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, akampa Mama Vero kwa mikono miwili, akanipa mimi kile kitambaa, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Jioni ile ile alipita Butiama, akachukua nguo zake, akafunga mlango wa nyumba yake na kumwachia jirani ufunguo. Mtu anayeaminika kwa gari halali njaa katika mkoa huu wa Mara. Lakini aliyetangazwa na kaka yake mwenyewe kuwa anaua magari, nani atampa ufunguo? Habari ilifika Mugeta kabla ya dagaa.

Kauli ikitoka haina kamba. Ningekuwa na kamba ningeirusha jioni ile ile. Badala yake nilisema moyoni, atarudi, ataenda wapi?

Gari bado lilikuwa kwangu, bovu. Nikambembeleza Mama Vero anipe wiki moja. Sikutaka mtu wa Musoma aone nikiomba msaada, kwa hiyo nikaliendesha hivyo hivyo na gia yake moja mpaka Bunda, kwa fundi mmoja wa umeme anaitwa Nyangeta. Mama huyu alianza kwa kutengeneza redio na marehemu mume wake, baadaye akahamia umeme wa magari, akanunua na mashine ya kupima. Sisi mafundi wa vyuma tulikuwa tunamcheka. Tulimwita daktari wa waya. Siku ile nilimwamkia kwa heshima zote, naye akaniangalia vizuri, akasema hajui kama ni Maingu yule yule.

Hakuchukua spana. Alivuta kigoda, akakaa, akauliza: "Dereva anasemaje?"

Nikamwambia dereva hayupo. Akauliza alisema nini kabla hajaondoka. Nikasema sikumsikiliza. Akauliza lilianza kugoma lini, baada ya nini, saa ngapi linapona, saa ngapi linaugua. Kila nililokumbuka lilikuwa la Wambura, na yote nilikuwa nimeyakata katikati.

"Wewe si wa Butiama?" akaniuliza. "Kwenu ng'ombe akivimba tumbo mnaanza na kisu?"

Alinipata. Maana baba yangu, mfugaji, hakuwahi kumgusa ng'ombe mgonjwa kabla ya kumwita aliyemchunga siku hiyo na kumuuliza amekula wapi na amekunywa maji ya wapi. Mwenye zizi hajui. Mchungaji ndiye anajua. Mimi nililelewa na jambo hilo, nikaliacha kwenye geti la gereji siku nilipopata jina.

Nyangeta akachomeka mashine yake chini ya usukani. Akanielekeza nitazame. Alikuwa anaita kama mwalimu anavyoita majina: kompyuta ya injini, ipo, ya breki, ipo, ya gia, kimya. Akaita tena. Kimya. Mimi nikasema basi imekufa, tutafute nyingine. Akaniambia nisiwe na haraka ya kuzika. Mtu asipoitika huenda hana chakula. Akapima fyuzi, ikawa nzima. Akatafuta mahali kompyuta yenyewe ilipo. Akainua zulia upande wa abiria, na harufu ya dagaa ikatupiga usoni. Chini ya kiti, palepale sakafuni, kulikuwa na kiboksi cha bati, kidogo kama kitabu cha misale, na plagi yake imejaa waya. Zulia lilikuwa bado bichi.

Akapima kwenye plagi: moto wa umeme unafika, na waya wa kurudisha umeme kwenye bodi uko sawa. Akapima na zile koili ndani ya gia boksi zinazofungua na kufunga njia za oili, zote zikajibu. Maana yake chakula kinafika, mikono na miguu ni mizima, kichwa ndicho kimezimia. Ndipo akatoa waya wa betri, akachomoa kiboksi, akakifungua. Ndani kulikuwa kijani. Kutu ya kijani kama ukungu wa mkate, imekula miguu ya vile vidude vidogo.

Alikisafisha kwa spiriti na brashi ya meno, akakianika juani juu ya bati. Tukakirudisha. Gari likaenda vizuri, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka tukafika mwisho wa mji, likazimia tena. Akasema sasa ndiyo tunaweza kuzika. Akasoma namba iliyoandikwa juu ya kiboksi, mpaka herufi za mwisho, akasema kisipofanana na hiki kwa kila herufi ni bure, kitaingia kwenye plagi lakini hakitaelewana na gari. Tukaagiza kilichotumika kutoka Mwanza, kikaja na basi. Akakifunga, lakini hakukirudisha sakafuni. Alitengeneza kikalio cha bati akakiinua juu, mbali na maji. Akarudisha betri, akakiandikia mambo yake kwa mashine. Kisha akaniambia niendeshe kwa upole kuelekea Mugeta na kurudi, nisikanyage kwa nguvu, kipya kijifunze tabia ya gia boksi hili.

Mwanangu, niliendesha peke yangu. Gia zilikuwa zinapishana kama watu wenye adabu mlangoni. Mashamba yanapita, ng'ombe wanavuka, nami kila nikitazama kiti cha abiria nakiona kitupu. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta, na hapakuwa na mtu wa kumwambia umeona.

Niliporudi Nyangeta akanipa kile kiboksi cha zamani ndani ya kitambaa. Akaniambia neno moja.

"Gari limepona, Maingu. Ulichokisema kwa mdomo nacho kitengenezwe kwa mdomo. Hakina spea."

Nikamwambia nimeelewa. Nikampeleka Mama Vero gari lake. Akaliendesha mwaloni kote, akashuka anacheka, akauliza nimefanya nini. Watu walikuwa wamejaa pale, wanawake wanaanika dagaa, wanaume wanapakia. Nafasi ndiyo ile. Mdomo wangu ukafunguka, na kilichotoka ni hiki: "Nimeliweka sawa gia boksi."

Basi. Wakanisifu. Wakasema fundi Maingu amefufua kilichouawa na dereva. Mama Vero akaajiri mtu mwingine, nami nikamwonya huyo dereva mpya asioshe gari kwa maji mengi ndani, kana kwamba ni jambo nililolijua siku zote. Ona ujanja wa mtu mwoga. Nilichukua ukweli wa mdogo wangu nikauuza kama wangu, na yeye nikamwachia uongo wangu aubebe.

Wambura hakurudi Krismasi ile. Wala iliyofuata. Nilisikia yuko Kigoma. Watu wakaniuliza habari zake, nikawa nasema yuko kazini, hajambo. Mke wangu, ambaye sasa amelala Butiama karibu na Mama, alikuwa ananiambia nimtafute mtoto huyu. Mimi nikawa nasema mdogo ndiye humtafuta mkubwa. Watoto wangu wakakua, wakaenda Dodoma, wakaenda Dar es Salaam, wananipigia simu Jumapili baada ya ibada, wananiuliza kama nimekula. Nimekula, nawaambia. Nikienda Butiama nakuta nyumba mbili zinatazamana, yangu ina mtu mmoja na yake haina mtu, na jioni sauti pekee uani ni ya kuku wa jirani. Ugali wa mtu mmoja, mwanangu, haupikiki vizuri. Ama unakuwa mwingi, ama unakuwa mgumu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimetafuta methali ya mkubwa asiyesikia la mdogo, sijaipata. Labda waliotunga walikuwa wakubwa watupu.

Kile kiboksi nilikiweka kwenye rafu ya juu ya gereji nyuma ya makopo ya grisi. Kilikaa pale miaka. Nilikuwa najua kipo kama unavyojua jino bovu.

Kisha mwaka juzi ikaja pikapu nyingine, ya mwalimu mmoja wa Nyegina. Ugonjwa ule ule: gia moja, taa inapepesa, mchana inapona. Sasa nilikuwa nimejifunza kazi, nina mashine yangu mwenyewe. Nikamkalisha dereva wake kwenye benchi, kijana mwenye haya, nikamwambia aseme yote na nikakaa kimya mpaka akamaliza. Akasema, mzee, naogopa kusema, lakini niliiosha na ndani. Nikamwambia usiogope, umenipunguzia kazi. Kufikia mchana nilishajua ni nini na kwa nini. Mwalimu akanisifu, akasema wazee kama mimi ni hazina, akamshika yule dereva bega wakaondoka pamoja wanaongea.

Nikabaki nimesimama getini. Niliona kumbe ilikuwa inahitaji nusu siku tu. Benchi, na mtu mmoja kunyamaza.

Kesho yake nikakiteremsha kile kiboksi, nikakifuta vumbi, nikatembea nacho mpaka mwaloni. Mama Vero sasa ni bibi, anakaa kwenye kiti cha plastiki anasimamia wajukuu wanaoanika. Nilisimama mbele yake na mbele ya wote waliokuwepo, nikasema kwa sauti ambayo hata wapakiaji waliisikia: gari lile la zamani, Wambura hakuliua. Liliuawa na maji ndani ya hiki hapa, na yeye aliniambia, mimi nikamziba mdomo. Nilijua tangu Bunda. Nimenyamaza mpaka leo.

Mama Vero alikichukua, akakigeuza geuza. Hakushangaa. Akasema Wambura alimpitia siku ile ile aliyoondoka, kumuaga. Akamweleza habari ya maji na akamwambia, kaka atajua mwenyewe akipoa, lakini usimwambie mtu kwamba fundi alikosea. Jina lake ndilo chakula chake. Yeye Mama Vero akafunga mdomo, kwa sababu aliombwa. Aliniona nikileta gari, akangoja niseme. Akaendelea kungoja.

"Nilitaka kuona utachukua muda gani, fundi," akasema. "Umechukua muda."

Wanasema mkubwa ni jalala. Kumbe miaka yote ile jalala langu alikuwa mdogo wangu.

Alinipa namba ya simu. Nilikwenda kukaa kwenye mawe kando ya ziwa nikapiga. Ikaita sana. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mtu mzima, nzito. Kidogo niseme nimekosea namba. Nikajitaja. Akaniamkia, "Shikamoo kaka," kama vile tuliachana jana. Nikamwambia kila kitu, bila kuzungukazunguka. Nikamwambia nimesema mwaloni mbele ya watu. Nilimsikia mtoto nyuma yake anasoma kwa sauti.

"Kilikuwa chini ya kiti cha abiria?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuambia."

"Ulikuwa unaniambia. Kwa nini hukusema kwa nguvu, Wambura? Mbele ya wote?"

"Kaka hasahihishwi mbele za watu," akasema. "Si ulinifundisha wewe?"

Nikamwomba msamaha. Akasema alinisamehe zamani, hata hakumbuki mwaka. Nikafurahi, mwanangu, nikafurahi kama mjinga, nikamwambia basi njoo Krismasi, nyumba yako ipo, bati nimebadilisha. Akaniambia kwa upole, na ule upole ndio unaonikata mpaka leo, kwamba yeye ana mke wa huko, ana shamba la huko, watoto wake hawajui hata salamu moja ya kikwetu. Akasema msamaha ninao wote, lakini kuja hataweza kuniahidi. Miaka ya kuja ilikuwa ile.

Tunaongea kila mwezi sasa. Ananieleza habari za gari lake na mimi namsikiliza mpaka mwisho, hata pale ninapojua kwamba anakosea. Watoto wake nawajua kwa sauti. Hajaja.

Basi shika haya, wewe unayeingia kwenye kazi, yoyote ile, maana si lazima iwe ya spana. Kabla hujafungua kitu, muulize aliyekuwa nacho kilipoanza kuugua, na umwache amalize, hata kama ni mdogo wako na ndevu zake umeziona zinaota. Usipojua, sema sijui. Ni neno fupi na halijaua mtu. Lakini likikuponyoka neno likamwangukia asiye na kosa, usilifunike kwa kazi nzuri. Kazi nzuri inarudisha gari barabarani, haimrudishi mtu nyumbani. Nenda siku ile ile. Nenda pale pale uliposemea, mbele ya masikio yale yale, useme nimekosea. Kesho yake bado panawezekana. Mwaka kesho panawezekana kwa shida. Ukingoja kama mimi utapewa msamaha wote, na utaula peke yako.

Mungu akupe sikio kabla ya kukupa jina, mwanangu. Akupe mdogo wa kukushikia taa, na akupe akili ya kumuuliza anaona nini. Maji yasikukute umelala, na kiti cha pembeni mwako kisikose mtu. Mimi Jumamosi nakwenda Butiama kufagia ile nyumba. Ufunguo nilishauchukua kwa jirani. Mlango nauacha wazi mpaka jioni.